Mtu Aliyeufundisha Umeme Kusafiri

Katika Bonde la Kilombero, chini ya safu ya milima ya Udzungwa, imesimama minara ya chuma inayobeba umeme wa msongo wa kilovoti 220 kutoka Kihansi hadi Kidatu. Bonde hilo ndilo lenye majaruba ya mpunga, mashamba ya miwa, reli ya TAZARA na mji wa Ifakara. Kutoka Kidatu umeme huo huenda Morogoro na Dar es Salaam, na sehemu ya umeme wa gridi ya taifa huzama baharini Ras Kiromoni na kuibukia Fumba, Unguja. Kwa hiyo mwananchi wa Mwanakwerekwe au wa Makunduchi awashapo taa yake wakati wa magharibi, hutumia, pamoja na vyanzo vingine vya nchi yetu, nguvu ya maji yaliyoporomoka katika milima ambayo pengine hajapata kuiona.

Leo tumeona yafaa tuwaeleze wasomaji wetu habari za mtu aliyewezesha safari hiyo ndefu, naye ni Nikola Tesla. Vijana wengi wa siku hizi hulijua jina hilo kwa sababu ya magari. Wengine hulijua kwa sababu ya koili yake, chombo ambacho wapenda ufundi wa Marekani na Ulaya hukiunda kwa mikono yao wenyewe, kisha wakakutana kukionyesha, kila mmoja akishindana na mwenzake kwa cheche ndefu kuliko kimo cha mtu. Watazamaji hustaajabu, na wana haki ya kustaajabu. Lakini nyuma ya maajabu hayo yako maisha ya mtu mmoja, na ndani ya maisha hayo limo swali linalowahusu sawasawa mkulima wa Kilombero na mvuvi wa Nungwi: umeme ni wa nani, na ni nani mwenye wajibu wa kumfikishia mwananchi?

Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya dola ya Austria na leo kimo katika Kroatia. Wazazi wake walikuwa Waserbia. Baba yake alikuwa padri wa Kanisa la Othodoksi, mtu wa vitabu. Mama yake hakujua kusoma wala kuandika, lakini alihifadhi moyoni mashairi mengi na alikuwa na kipaji cha kubuni vyombo vya kazi za nyumbani. Tesla mwenyewe alikiri hadi uzeeni kwamba akili yake ya uvumbuzi aliirithi kwa mama huyo. Sisi tuliolelewa katika jamii ambayo bibi asiyejua herufi huweza kuhifadhi nasaba za mji mzima na kusuka mkeka wenye hesabu ngumu ya rangi, hatuoni ajabu katika habari hiyo.

Baba alitaka mwanawe awe padri. Kijana alipougua kipindupindu mwaka 1873, akakaribia kufa, alimwambia baba yake kwamba labda angepona kama angeruhusiwa kusomea uhandisi. Baba akaridhia, na mtoto akapona. Mwaka 1875 aliingia chuo cha ufundi cha Graz, Austria. Huko aliona mashine ya umeme ikitoa cheche nyingi mahali brashi zake zinapogusana na sehemu inayozunguka, akauliza kama sehemu hiyo isingeweza kuondolewa kabisa. Mwalimu wake aliliambia darasa kwamba jambo hilo haliwezekani. Tesla hakumaliza masomo ya Graz, na kwa muda alitekwa na kamari hata akapoteza fedha za karo. Lakini lile swali hakuliacha.

Jibu lilimjia mwaka 1882 mjini Budapest, alipokuwa mfanyakazi wa simu, akitembea bustanini na rafiki yake. Alichukua kijiti akachora juu ya mchanga. Fikira yenyewe ilikuwa hii: ikiwa mikondo miwili au zaidi ya umeme unaogeuka mwelekeo itapitishwa katika koili zilizopangwa kwa duara, kila mkondo ukifuata mwenzake kwa nafasi maalumu, basi nguvu ya sumaku itazunguka yenyewe, nayo italivuta gurudumu la ndani lizunguke bila kuguswa na waya wala brashi. Mota ya namna hiyo leo imeenea duniani kote. Ndiyo inayozungusha mashine za kukoboa mpunga za umeme huko Ifakara, na ndiyo inayovuta maji ya visima vya Unguja. Fundi wa mtaani anayesuka upya mota iliyoungua hurudia kwa vidole vyake mchoro ule wa mchangani, hata kama jina la mchoraji hajapata kulisikia.

Mwaka 1884 Tesla alihamia Marekani, akafanya kazi kwa muda wa miezi kadhaa katika shughuli za Thomas Edison, tajiri na mvumbuzi mashuhuri. Edison aliuza mkondo mnyoofu, yaani umeme usiogeuka mwelekeo. Wawili hao walitengana. Tesla aliunda kampuni na watu wenye mitaji, akawatengenezea taa za barabarani, nao wakamwondoa mikono mitupu. Yule mtu ambaye kichwani mwake mlikuwa na mota ya karne ijayo aliishi mwaka 1886 na 1887 kwa kuchimba mitaro mjini New York ili apate chakula. Hapo tunapata funzo la kwanza. Kipaji ni amana ya jamii. Kikiachwa mikononi mwa watu wanaotazama faida ya mwezi huu peke yake, kitashikishwa sururu.

Mwaka 1888 mambo yaligeuka. Tesla alipewa hataza za mfumo wake, akautoa mbele ya wahandisi wa umeme wa Marekani tarehe 16 Mei, na George Westinghouse, mwenye viwanda, akanunua haki ya kuutumia. Hapa ni wajibu wetu kueleza kwa nini mkondo geu ulishinda, kwa maana bila ya kulielewa hilo hatutaielewa Kidatu.

Umeme upitapo katika waya hupoteza sehemu ya nguvu yake kwa kuupasha waya moto. Hasara hiyo hutokana na wingi wa mkondo. Msongo ukikuzwa mara kumi, mkondo unaohitajika kubeba nguvu ile ile hupungua mara kumi, na hasara ya njiani hupungua mara mia. Mkondo geu hukuzwa na kupunguzwa kwa transfoma, chombo kisicho na kitu kinachozunguka ndani yake. Mkondo mnyoofu wa zama zile haukuwa na njia rahisi ya namna hiyo, kwa hiyo kituo cha Edison kiliweza kuhudumia mtaa wake na mitaa ya jirani tu. Kama dunia ingebaki katika njia ya Edison ya wakati huo, kila mtaa ungelazimika kuwa na mtambo wake, na maporomoko yaliyo mbali na miji yangeendelea kuwapa ndege maji ya kunywa.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba Tesla hakuwa peke yake. Wahandisi wa Hungaria walikwisha kuunda transfoma nzuri mwaka 1885. Galileo Ferraris wa Italia aliigundua sumaku inayozunguka kwa juhudi zake mwenyewe, na Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, Mrusi aliyefanya kazi Ujerumani, aliuendeleza mfumo wa nyaya tatu ambao ndio tunaoutumia. Elimu ni kama mtumbwi wa wavuvi wengi, na yule anayeonekana kwenye omo hausukumi peke yake.

Mfumo huo mpya ulipigwa vita. Wapinzani wake waliwaua wanyama hadharani kwa mkondo geu ili kuwatia watu hofu, na mwaka 1890 mfungwa aliuawa kwa kiti cha umeme kwa mara ya kwanza. Lakini mwaka 1893 maonyesho makubwa ya Chicago yaliangazwa kwa mkondo geu, na mwaka 1895 mitambo ilianza kufua umeme katika maporomoko ya Niagara. Mwezi Novemba 1896 umeme huo ulifika mji wa Buffalo, ulio mwendo wa kilometa 40 hivi. Tangu siku hiyo mto uliweza kufanya kazi mbali na kingo zake.

Katikati ya mapambano hayo, mwaka 1891, Tesla aliunda koili inayobeba jina lake. Ina koili mbili. Ya kwanza ni ya waya mnene wenye mizunguko michache. Ya pili ni ya waya mwembamba wenye mizunguko mamia, nayo husimama wima. Umeme hukusanywa katika kapasita, kisha huachiwa ghafula kupitia mwanya wa cheche, tena na tena. Koili zote mbili hupangwa zitikisike kwa mwendo mmoja, kama vile mtu anayesukuma pembea hungoja wakati wake ili kila msukumo uongeze ule uliotangulia. Hivyo msongo hupanda hadi maelfu kwa maelfu ya volti, na hewa yenyewe hupasuka ikawa radi ndogo. Sisi ambao chuoni tuliisoma Sura ya Radi kabla hatujaujua waya, tulifundishwa kuitazama radi kwa hofu na kwa matumaini. Tesla aliitazama hivyo, akaongeza kipimo na hesabu.

Alikionyesha chombo hicho New York mwaka 1891, na mwanzoni mwa mwaka 1892 London na Paris. Alishika mkononi taa za kioo zikawaka bila ya waya, na akauruhusu umeme upite mwilini mwake. Haukumuua kwa sababu ulikuwa ukigeuka mwelekeo kwa kasi kubwa mno ambayo mishipa ya fahamu haiwezi kuihisi. Tunawaonya vijana wasilichukue jambo hili kama ruhusa. Umeme unaolisha koili hiyo, yaani ule wa transfoma na kapasita, ni muuaji wa haraka, na hata cheche zenyewe huunguza. Wapenda ufundi wenye busara huweka uzio, huweka swichi ya kukata umeme mbali na koili, wala hawafanyi majaribio peke yao.

Tarehe 13 Machi 1895 maabara ya Tesla iliteketea kwa moto pamoja na kazi za miaka mingi. Alianza upya. Mwaka 1898 alionyesha mashua ndogo iliyoongozwa kwa redio bila ya waya. Mwaka 1899 alikwenda Colorado Springs, akajenga koili kubwa iliyorusha radi ya kutengenezwa na binadamu. Akarudi New York na azma kubwa kuliko zote: kujenga mnara wa kupeleka habari, na hatimaye nguvu za umeme, duniani kote bila ya waya. Bepari J. P. Morgan alimpa dola 150,000, na mwaka 1901 ujenzi ulianza mahali paitwapo Wardenclyffe. Mwaka ule ule Marconi alipeleka ishara ya redio kuvuka Atlantiki kwa vyombo vya gharama ndogo zaidi. Morgan alikataa kuongeza fedha. Kazi ilisimama, na mwaka 1917 mnara ukabomolewa kwa ajili ya deni la hoteli.

Wako wasemao kwamba mabepari waliuzika umeme wa bure. Maneno hayo yana utamu, lakini msomaji wetu anastahili ukweli mzima. Ni kweli kwamba mwenye mtaji hupenda kitu anachoweza kukifungia mita. Ni kweli pia kwamba elimu ya leo inaonyesha kuwa njia ya Tesla isingefaa kwa kazi ile, kwa sababu nguvu inayotawanywa pande zote hufifia haraka, na sehemu kubwa ingepotea kabla ya kumfikia mtumiaji. Nia yake ya kumfikishia kila binadamu umeme ilikuwa njema. Chombo cha kuitimiza nia hiyo alikwisha kukitoa yeye mwenyewe mwaka 1888, nacho ni mkondo geu juu ya nyaya. Kilichopungua hakikuwa mnara, bali dola na mashirika ya umma yaliyo tayari kuzipeleka nyaya hizo hadi kwa mtu maskini.

Tesla alimaliza maisha yake katika vyumba vya hoteli za New York, akilisha njiwa na akidaiwa kodi. Alikufa tarehe 7 Januari 1943, akiwa na umri wa miaka 86, bila mke wala mtoto wala mali. Karatasi zake hatimaye zilipelekwa Belgrade, ambako jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa mwaka 1955. Mwaka 1960 mataifa yalikubaliana kwamba kipimo cha nguvu ya sumaku kiitwe tesla.

Turudi sasa katika bonde. Mtambo wa Kidatu katika mto Ruaha Mkuu ulianza kazi mwaka 1975, ukakamilika mwaka 1980 kwa mashine nne zenye jumla ya megawati 204. Mwaka huo huo wa 1980 waya wa chini ya bahari ulifika Unguja. Kihansi, wenye megawati 180, ulifuata mwaka 2000. Pemba iliunganishwa kutoka Tanga mwaka 2010, na waya wa pili wa Unguja, wenye uwezo wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013. Hii ndiyo safari ambayo Tesla aliifungulia mlango, na Taifa letu liliifanya kwa uamuzi wa pamoja.

Uamuzi huo una thamani gani, wananchi wa Unguja wanajua kuliko wengi. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa gizani kwa muda wa miezi mitatu, baada ya njia ya umeme kuharibika. Na mwaka 2008 kilikwisha kukaa karibu mwezi mmoja. Pampu za maji zilisimama, samaki wakaoza, na aliyekuwa na jenereta akaishi dunia moja na asiyekuwa nayo dunia nyingine. Kisiwa kilichotegemea waya mmoja kilikuwa kama jahazi lenye kamba moja ya tanga.

Lakini haki hiyo ina upande wa pili. Kwa miaka mingi vijiji vya bonde vilikaa gizani chini ya nyaya za msongo mkubwa, kwa kuwa kuishusha nguvu ya kilovoti 220 hadi volti 230 za nyumbani kunahitaji kituo cha kupozea umeme na fedha za kukijenga. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na katika miaka ya karibuni Ifakara imejengewa kituo chake kutoka katika njia hiyo kubwa. Ni hatua njema. Mwenye mto asiwe wa mwisho kunywa.

Aidha, umeme wa bonde hauanzi katika mashine. Huanza katika misitu ya Udzungwa na katika ardhi oevu ya Kilombero, ambayo mto wake huchangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Ndiyo maji yanayolitazamia bwawa la Julius Nyerere, lenye mashine tisa na jumla ya megawati 2,115, ambalo mashine yake ya kwanza iliwashwa Februari 2024. Ukame wa mwaka 2006 ulitufundisha kwamba bwawa tupu haliwashi taa. Na huko Kihansi, maji yalipoelekezwa katika mtambo, vyura wadogo walioishi katika manyunyu ya maporomoko, wasiopatikana kwingine duniani, walitoweka porini, hata ikatangazwa hivyo mwaka 2009. Wachache waliokuwa wamehifadhiwa Marekani walizaana, na wakaanza kurudishwa nyumbani mwaka 2012. Nguvu ina gharama, na gharama hiyo yafaa ihesabiwe kabla ya mtambo kujengwa.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Kwanza, viongozi wa Bara na wa Visiwani wauhesabu msitu wa Udzungwa kuwa sehemu ya mtambo wa umeme, na fedha za kuulinda ziwekwe katika fungu lile lile la kutengeneza mashine. Pili, visiwa visirudi tena katika hali ya kutegemea njia moja. Matengenezo ya waya wa baharini yafanywe kwa ratiba, yasingoje msiba. Tatu, na hili ndilo alilotuachia Tesla, wako watoto leo Ifakara na Chake Chake wanaofungua redio mbovu ili waone kilichomo. Tusiwagombeze na kuwafukuza. Shule za sekondari, vyuo vya ufundi na Taasisi ya Karume ziwe na siku za maonyesho, ambapo kijana ataleta koili aliyoisuka kwa mkono wake, aiwashe mbele ya mwalimu anayejua hatari zake, na wazee wake waje watazame.

Gharama ya siku kama hiyo ni ndogo: waya, uzio, na mwalimu mwenye subira. Viongozi wa elimu wakilitaka jambo hili, linaweza kuanza kabla ya mwaka huu wa masomo kwisha, na sisi tutakuwa wa kwanza kwenda kutazama.